Meza ya Kazi za Ng'ambo: Tathmini ya Miezi Sita Katika Ofisi Moja ya Dodoma

Kwa miezi sita, kuanzia Machi hadi Agosti 2025, nilikuwa mteja wa kudumu wa ofisi ya kazi za mtandaoni iliyopo ghorofa ya kwanza ya jengo la maduka, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka Nyerere Square hapa Dodoma. Ofisi hiyo huuza huduma mbili kwa pamoja. Kwanza hukodisha meza, kompyuta, umeme na intaneti. Pili humwunganisha mteja na kampuni za ng'ambo zinazotoa kazi ndogo ndogo za kuweka alama kwenye picha, kunukuu sauti na kutafsiri sentensi ambazo hutumika kufundishia mifumo ya akili mnemba. Wahitimu wenzangu wa ualimu, ambao kama mimi wameomba ajira mara kadhaa na bado wanasubiri, wamekuwa wakinipigia simu kuniuliza kama huduma hiyo inafaa kulipiwa, nami nimeona heri niandike jibu moja kamili kuliko kuendelea kuwajibu vipande vipande. Jina la ofisi na la kampuni niliyoifanyia kazi sitayataja, kwa kuwa lipo dai la malipo ambalo halijafungwa, na sipendi wenzangu wanaodai pamoja nami wapate shida kwa sababu ya maandishi yangu.

Nianze na ofisi yenyewe, kwa sababu ndiyo sehemu ninayoweza kuisifu bila kusita. Ina meza kumi na nne, kila moja ikiwa na kompyuta iliyokwisha kutumika lakini safi, kiti chenye mgongo na taa yake ya mezani. Umeme ukikatika, betri hushika kazi papo hapo na kuendelea kwa muda wa saa tatu hivi, na intaneti huletwa na watoa huduma wawili tofauti, hivi kwamba mmoja akizingua mwingine hushika. Kodi ya meza ni shilingi 60,000 kwa mwezi, nayo hutolewa risiti ya EFD bila kuombwa. Choo ni kisafi na kina kitasa. Haya huenda yakaonekana mambo madogo kwa mtu asiyewahi kufanya kazi ya dakika arobaini kwenye kompyuta ya duka la mtaani, umeme ukakatika, kazi ikapotea, naye akadaiwa muda aliotumia.

Msimamizi wa ofisi ni mama wa makamo ambaye sote tunamwita Dada, naye huwaita vijana wote waliosomea ualimu "Mwalimu", hata wale ambao hawajawahi kushika chaki. Huingia saa nne asubuhi, na usiku anapoondoka huacha zamu kwa kijana aliyemfundisha mwenyewe. Chini ya ngazi kuna mzee mlinzi, ambaye ukimwamkia shikamoo hukuitikia kwa jina lako, na ambaye ana orodha ya madereva wa bodaboda anaowafahamu. Binti yeyote anayetoka kazini saa saba usiku haruhusiwi kupanda pikipiki asiyoijua mzee huyo. Hakuna tangazo lililoandika utaratibu huo na hautozwi senti, lakini nauhesabu kuwa sehemu ya huduma, tena sehemu bora kuliko zote.

Nimetaja saa saba usiku, na ni lazima nieleze kwa nini. Kampuni nyingi zinazotoa kazi hizi zipo magharibi mwa Marekani. Saa tatu asubuhi ya California, wakati wa majira yao ya joto, ni saa moja jioni ya Dodoma. Novemba wanaporudisha saa zao nyuma, inakuwa saa mbili usiku. Kazi nyingi huwekwa mtandaoni wao wanapofungua ofisi, nazo huchukuliwa na anayewahi. Kwa hiyo mteja wa ofisi hii anaweza kukaa mchana kutwa akiangalia kioo kisicho na kitu, kisha kazi zikamiminika wakati watu wa nyumbani kwake wanatenga chakula cha usiku. Dada huwaeleza wageni jambo hili siku ya kwanza na wala halifichi. Wengi wetu hatukulielewa mpaka Juni ilipoingia na baridi ya kipupwe, tukajikuta tumejifunga mashuka mabegani huku wengine wakihesabu waenda kwa miguu katika picha za mtaa wa mji wasioujua.

Mafunzo ya kuanzia huchukua siku tatu na hayalipiwi na mteja, ila pia mteja halipwi kwa muda huo. Dada hukaa nawe akakuonyesha namna ya kufungua akaunti, namna ya kusoma mwongozo na namna ya kupunguza makosa. Mwongozo niliopewa ulikuwa wa kurasa sitini na moja, wote kwa Kiingereza. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuchora visanduku kuzunguka watu, baiskeli, mbwa na magari katika picha za barabara zilizofunikwa na theluji. Sijawahi kuigusa theluji maishani mwangu, lakini baada ya wiki mbili niliweza kutofautisha lundo la theluji na gari lililofukiwa chini yake, kwa kutazama tu jinsi kivuli kilivyolala. Nililitambua pia lile bomba fupi jekundu la zimamoto linalosimama pembeni mwa barabara za huko, ambalo mwanzoni nilikuwa nalizungushia kisanduku cha mtoto mdogo. Kazi hiyo inahitaji macho na subira, na yeyote anayesema haina ujuzi hajaifanya.

Ukurasa wa mwisho wa mwongozo huo ndio ulionishughulisha kuliko kurasa zote. Ulikuwa umesahauliwa pale na mtu aliyenakili kutoka toleo la zamani. Ulieleza idadi ya siku za likizo ambazo mfanyakazi hustahili baada ya mwaka wa kwanza, ulitaja bima ya meno, na ulitoa namba ya chumba ambamo mfanyakazi angemkuta ofisa utumishi akiwa na tatizo. Maana yake ni kwamba kazi hii hii niliyokuwa naifanya mezani kwangu Dodoma, au nyingine iliyofanana nayo sana, iliwahi kufanywa na waajiriwa waliokaa katika jengo moja na wakubwa wao, waliougua na kutibiwa, waliogombana na kusuluhishwa. Toleo lililofuata la mwongozo lilikuwa na kurasa sitini. Nimewaza sana juu ya mtu aliyekalia kiti hicho kabla yangu. Sidhani kama ana sababu ya kunichukia, wala mimi sikumnyang'anya chochote kwa kukusudia, lakini kazi iliyomtoka yeye haikunifikia mimi ikiwa nzima. Likizo ilibaki kule, bima ikabaki kule, ofisa utumishi naye akabaki kule; kilichovuka bahari ni picha na sentensi.

Sasa nije kwenye fedha, kwani ndilo swali la kwanza la kila anayenipigia. Nitatoa hesabu ya Juni, ambao ulikuwa mwezi wangu mzuri kuliko yote. Nililipwa dola 110. Ofisi hukata asilimia kumi kwa kazi ya kumwunganisha mtu, yaani dola 11, na gharama za kuzileta fedha hizo nchini zilikuwa dola 3, zikabaki dola 96. Mtoa huduma wa malipo alizibadilisha kwa shilingi 2,450 kila dola, nikapata shilingi 235,200. Nilitoa shilingi 60,000 za meza, zikabaki 175,200, na nauli ya bodaboda ya kurudi nyumbani kwa usiku ishirini na mbili, kwa shilingi 2,000 kila safari, ikachukua 44,000 nyingine. Mkononi nilibaki na shilingi 131,200.

Saa nilizolipwa zilikuwa 132. Saa ambazo sikulipwa, nilizozitumia kufanya majaribio ya kufuzu, kusoma marekebisho ya mwongozo na kusubiri kazi mbele ya kioo, niliziandika kwenye daftari nazo zilifika 41. Ukigawanya kwa saa zote 173, unapata shilingi 758 kwa saa moja. Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka shilingi 150,000 kwa mwezi kwa sekta ya biashara na viwanda, ambazo kwa wiki ya kazi ya saa 45 ni kama shilingi 769 kwa saa. Kwa hiyo mwezi wangu bora kuliko yote, nikiwa na shahada yangu na nikifanya kazi usiku, ulinipa chini kidogo ya kiwango kilichowekwa na sheria kwa mtu anayeuza dukani mchana. Miezi mingine ilikuwa duni zaidi ya huo. Aprili sitaki hata kuiandika.

Hata hivyo, ningekuwa nasema uongo kama ningeishia hapo. Kabla ya Machi nilikuwa sipati kitu. Kwa fedha za Juni nilimnunulia mdogo wangu godoro, ndoo na sare alipokwenda kuanza kidato cha tano, jambo ambalo ukoo mzima ulikuwa umeanza kulichangishana. Jirani yangu wa meza, binti aliyetoka Manyoni, aliweza kuacha kazi ya ndani aliyokuwa anaifanya kwa mshahara ambao sitautaja kwa kumheshimu, naye hadi leo anaiona ofisi ile kuwa ndiyo iliyomwokoa. Watu wanaotaka kazi hizi zifungwe kabisa, kwa hoja kwamba ni unyonyaji mtupu, wangekaa naye walau jioni moja. Lakini wanaosema tushukuru tu kwa kidogo kinachokuja, wakae nasi sote, tena wakae mpaka saa saba usiku.

Kazi hizi hazikuanzia Dodoma na hazikushuka kutoka mbinguni. Tangu miaka ya 1990 kampuni kubwa za Marekani na Ulaya zilianza kuhamishia India shughuli za kupokea simu za wateja, kuandaa hesabu na kutengeneza programu, kwa sababu kule kulikuwa na vijana wengi waliosoma kwa Kiingereza na mishahara ilikuwa sehemu ndogo ya ile ya kwao. Kampuni za Kihindi kama Infosys, iliyoanzishwa mwaka 1981, zikakua kwa biashara hiyo mpaka zikawa na nguvu ya kuketi meza moja na wateja wao. Ufilipino ikafuata, ikawa mahali pakubwa pa kupokelea simu. Sisi tulichelewa kwa sababu ya waya. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009 na ule wa EASSy ukafuata mwaka 2010. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, ambazo ziliifanya intaneti iwe ghali na ya kujikongoja. Mkongo wa Taifa ulipoungana na ile ya baharini na kufika mikoani, ndipo meza ya Dodoma ilipoweza kuuza saa zake California.

Jinsi fedha inavyopungua njiani si siri tena, kwa kuwa majirani zetu walikwisha kuiona na ikaandikwa. Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba wafanyakazi wa Nairobi waliosoma na kuainisha maandishi ya kutisha, ili mfumo wa ChatGPT ujifunze kuyakwepa, walibakiwa na kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa, ilhali mkataba kati ya OpenAI, yaani kampuni yenye mfumo huo, na kampuni ya Sama iliyowaajiri ulitaja dola 12.50 kwa saa. Ipo hoja kwamba ndani ya tofauti hiyo mna gharama za ofisi, wasimamizi na kodi, nami kwa kuwa nimeiona betri ya Dada na risiti zake siipuuzi hoja hiyo. Ila wale wa Nairobi waliweza kuijua namba ya juu. Mimi mpaka leo sijui mteja wa mwisho wa kazi yangu ni nani, wala analipa kiasi gani kwa sentensi moja. Nilimwuliza Dada, naye hajui. Anayemletea kazi ni kampuni ya kati, na hiyo nayo huletewa na nyingine.

Hapo ndipo penye dosari kubwa ya huduma hii, na tukio la Julai litaonyesha maana yake. Tangu Mei nilikuwa nimehamishiwa kazi za Kiswahili, nikafurahi, kwani ndilo somo nililolisomea. Tulipewa sentensi za mazungumzo ya kawaida, tuzitafsiri kwa Kiingereza, kwa malipo ya senti sita za dola kila moja. Fungu langu la wiki ya pili ya Julai lilikuwa na sentensi 214. Tisa kati yake zilitaja saa. Moja ninaikumbuka neno kwa neno: "Nitakupigia saa mbili usiku watoto wakishalala." Nikaandika 20:00. Nyingine ilikuwa juu ya basi linaloondoka saa kumi na mbili asubuhi, nikaandika 06:00, kama ambavyo mtoto yeyote aliyewahi kusindikiza mgeni stendi angeandika.

Fungu lote lilirudishwa. Mkaguzi, ambaye kwenye mfumo huonekana kama namba tu, alieleza kwamba mbili ni 2 na kumi na mbili ni 12, kwa hiyo majibu yangu tisa yalikuwa na makosa. Kiwango cha makosa kinachovumiliwa ni matatu katika kila mia. Tisa katika 214 yanazidi kiwango hicho, na kanuni inasema fungu likizidi halilipwi hata sentensi zilizo sahihi. Dola 12.84 zikaenda. Nilijaza fomu ya rufaa, nikaeleza kwa utulivu kwamba Waswahili huanza kuhesabu saa za mchana jua linapochomoza na za usiku jua linapozama, na kwamba hili si la mtaa wangu peke yake, bali limo katika vitabu vya darasa la pili. Jibu lilikuja ndani ya dakika moja, likinishukuru kwa maoni yangu. Jibu la pili lilikuja baada ya siku kumi na tisa, nalo lilikuwa neno kwa neno sawa na la kwanza.

Wenzangu wanne katika ofisi hiyo hiyo walirudishiwa mafungu kwa sababu ile ile. Mmoja wao aliamua mara iliyofuata kuandika 02:00 kama alivyotakiwa, akalipwa. Siwezi kumlaumu, ana watoto wawili. Lakini jambo hili linaniuma zaidi ya zile dola, kwa sababu mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Sentensi zile zinaingia katika mfumo ambao kesho utamjibu mtu wa Mpwapwa anayeuliza dawa yake anywe saa ngapi, au mtu wa Kondoa anayeuliza basi lake linaondoka lini. Tumelipwa ili tuifundishe mashine lugha yetu, na mahali pale ambapo tuliijua kuliko yeyote, tumelazimishwa kuifundisha kosa kwa sababu mwenye kukagua yuko mbali na hana wa kumwuliza, au hataki kuuliza.

Dada alifanya alichoweza. Aliandika barua pepe mara tatu kwa kampuni ya kati, akaambatanisha kurasa za kamusi, na alipoona hajibiwi alitusamehe sote watano kodi ya meza ya wiki ile. Nilimwuliza kwa nini ale hasara isiyo yake. Akanijibu, "Mwalimu, ninyi ndio ninaowaona."

Baadaye nilimwendea rafiki yangu mwanasheria kutaka kujua kama kuna njia. Alinieleza kwamba sheria zetu si dhaifu kama wengi wanavyodhani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, inampa mwajiriwa likizo ya siku 28 kwa mwaka, na inataka anayefanya kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi aongezewe angalau asilimia tano ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa. Aidha, Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka huo huo, kifungu cha 61, inasema mtu anaweza kuchukuliwa kuwa mwajiriwa hata mkataba ukimwita jina jingine, iwapo kwa mfano namna anavyofanya kazi inaongozwa na mwingine, au anamtegemea mwingine huyo kiuchumi. Mkataba nilioubonyeza kuukubali unaniita mkandarasi huru. Mkandarasi huyo hupangiwa namna ya kutaja saa katika lugha ya mama yake.

"Sheria unayo," rafiki yangu akasema, "ila hati ya madai utampelekea nani?" Kampuni haina ofisi Tanzania wala mwakilishi. Kampuni ya kati imesajiliwa nchi nyingine tena. Dada naye, ambaye ndiye pekee mwenye anwani na mlango, si yeye aliyekataa kulipa.

Bibi yangu, anayeishi Bahi, alinisikiliza nilipomsimulia habari hii, akanikumbusha kwamba babu aliondoka kijijini akiwa kijana kwenda kukata mkonge Tanga, akiwa manamba. Walipewa namba, ndiyo maana wakaitwa hivyo, na walikuwa na kipande ambacho kila siku ya kazi ilitiwa alama, na mshahara haukutoka mpaka kipande kijae. Bibi hakuwa akiusifu wakati ule. Babu alirudi na kifua kibovu. Alichosema ni kwamba babu alimjua nyapara wake kwa sura na kwa jina, na siku walipopunjwa walijua ni mlango upi wa kwenda kusimama mbele yake. Akaniuliza nyapara wangu anakaa wapi, nami nikakosa la kumjibu.

Wapo watakaosema umbali huo hauna dawa, na kwamba kazi ikishavuka mipaka basi wajibu nao umekwisha. Historia ya karibuni haikubaliani nao. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza karibu na Dhaka, Bangladesh, lilianguka likaua zaidi ya watu 1,100, wengi wao wakiwa washonaji wa nguo zilizokuwa zikiuzwa Ulaya na Amerika. Mwezi uliofuata kampuni kadhaa kubwa za nguo zilitia saini na vyama vya wafanyakazi makubaliano ya usalama wa majengo yenye nguvu ya kisheria, ingawa viwanda vile havikuwa mali yao. Mnunuzi wa mbali alifungwa kwa mkataba, na ikawezekana. Vilevile Juni 2025, Geneva, mkutano wa Shirika la Kazi Duniani ulikubali kwamba kazi za kwenye majukwaa ya mtandaoni zitungiwe mkataba wa kimataifa. Ningependa wabunge wetu, ambao wanakutana kilomita chache tu kutoka kwenye meza zetu, walifuatilie jambo hilo kwa makini ile ile wanayoifuatilia bei ya mbolea. Kampuni yoyote inayonunua kazi ya Watanzania kwa mtandao iwe na mwakilishi aliyesajiliwa nchini, mwenye anwani ambayo hati ya madai inaweza kupelekwa. Hilo peke yake lingeniondolea nusu ya malalamiko yangu.

Kwa upande wa ofisi ya Dada, yapo mambo mawili anayoweza kuyarekebisha bila kungoja serikali. Asilimia kumi anayokata ieleweke kuwa ni malipo ya kutetea kazi pia, siyo ya kuunganisha tu, na kila mteja apewe nakala ya barua zinazoandikwa kwa niaba yake. Pili, kabla ya kupokea kazi yoyote ya Kiswahili, atake kwanza jina na sifa za mtu atakayeikagua. Nilimpa ushauri huo mdomoni na akaupokea vizuri; la kwanza ameshaanza kulitekeleza.

Nikiulizwa nyota, ofisi naipa nne kati ya tano, na ingepata zote tano kama pangekuwa na mahali pa kujinyoosha kwa wale wanaokesha. Kazi yenyewe inayopatikana pale naipa mbili: moja kwa sababu inalipa watu ambao hapakuwa na mwingine wa kuwalipa, na ya pili kwa sababu ya yale niliyojifunza. Ningemshauri aende mtu aliye na chanzo kingine cha kipato, au anayekaa karibu na mjini asiyehitaji bodaboda ya usiku, au mwanafunzi anayetaka kuzoea kompyuta. Anayetegemea kulipia kodi ya nyumba kwa fedha hizo namsihi asubiri, ama aanze kwa kodi ya meza ya siku moja moja, ambayo ni shilingi 4,000, kabla ya kulipa ya mwezi.

Mimi mwenyewe sikulipia Septemba. Hupita pale Jumanne kuangalia dai letu, ambalo hadi wiki iliyopita mfumo ulikuwa unaonyesha kwamba linapitiwa. Atakayekwenda apande ngazi za upande wa duka la vifaa vya shule, asubuhi kuanzia saa nne, akiwa na kitambulisho cha Taifa na namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake mwenyewe, maana malipo hukataliwa majina yasipofanana. Achukue daftari la kuandikia saa zake zote, za kulipwa na za kusubiri, na kama ni kati ya Juni na Agosti, achukue na sweta.